Swali la Mara ya Pili

Wadogo zangu mnaomaliza kidato cha nne na kuzunguka mjini na bahasha za kaki mkononi, kaeni chini kidogo. Mimi nimestaafu. Msicheke. Nimestaafu nikiwa bado nanyonyesha, sina mvi hata moja, na kazi niliyoiacha ndiyo hiyo mnayoililia: kukaa dawatini kwenye intaneti kafe. Nilikaa pale tangu dishi la kwanza lilipopandishwa juu ya paa la Bwana Shabani, mtaa wa pili kutoka stendi, mpaka siku aliponiambia nikitoka nisirudi. Nikatoka. Hasira ninayo hadi leo, na naandika nikiwa nayo, maana nikingoja ipoe nitaanza kuwaandikia kwa adabu na hamtaelewa kitu.

Sitawafundisha kompyuta. Kompyuta mtaijua, hata yule asiyejua mausi inashikwa upande gani ataijua. Nataka niwaambie watu huuliza nini, na kwa nini wiki hii mji mzima unauliza jambo moja na wiki ijayo hakuna anayelikumbuka. Hilo ndilo lililoniweka kazini, na ndilo lililonitoa.

Aliyenifundisha ni Bi Rukia. Mrangi wa Kondoa, ushungi haumtoki kichwani, vidole vyake vikigusa kibodi huvioni. Alikuwa mpiga chapa wa shirika la umma mpaka shirika lilipouzwa na wenzake wote wakaambiwa asanteni. Ilikuwa ndiyo miaka yenyewe: kila kitu kinafunguliwa, kila kitu kinauzwa. Redio za watu binafsi zinapiga kelele usiku na mchana, magazeti ya udaku yanatundikwa mpaka kwenye miti, vibanda vya video kila kona. Watu walikuwa wamekaa kimya muda mrefu, sasa wanasikia mambo kumi kwa siku na hakuna wa kumuuliza. Wakaja kutuuliza sisi.

Kulikuwa na tovuti moja tuliyoipenda, ile kamusi elezo ya bure, ambayo mtu yeyote anaweza kuandika na mtu yeyote anaweza kufuta. Kurasa zake za Kiingereza zilikuwa bahari. Za Kiswahili zilikuwa chache, nyingine mistari mitatu tu, kama mtu aliitwa kula akaacha kuandika. Shida ni kwamba mchana mtandao wetu ulikuwa unatambaa. Ukifungua ukurasa saa sita, picha inashuka polepole kama pazia, na mteja anahesabu dakika zake huku anakutazama wewe kama ndiye uliyeishika.

Basi Bi Rukia akabuni utaratibu. Jumatatu asubuhi, kabla ofisi za mjini hazijaamka na kutunyang'anya mtandao, tunafungua kurasa zile zilizoulizwa zaidi wiki iliyopita. Tunazichapa. Za Kiingereza anazigeuza Kiswahili kwa ufupi. Kisha tunazibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyopita ukuta mzima, na hapo zinakaa mpaka Jumamosi. Mpita njia anaingia, anasoma, anatoka. Watu waliuita ukuta ule magazeti ya Bi Rukia.

Nikaanza kujua mji kwa ukuta ule. Redio ikitangaza msiba wa mtu mkubwa mchana, jioni meza zote zimefungua ukurasa wake, na wanachotafuta si alichokifanya, ni alikuwa na wake wangapi na alikuwa na umri gani. Umri hasa. Mtu akishaona marehemu alimzidi miaka mingi anapumua. Vibanda vya video vikionyesha joka la kumeza watu, wiki nzima ni nyoka: wanaishi wapi, je, Dodoma wanafika. Ardhi ilitikisika alasiri moja, vikombe vikalia kabatini, na kesho yake nilikuta foleni mlangoni: volkano, volkano, volkano. Bunge likiwa mjini watu wanauliza habari za watu wengine. Bunge likifungwa, mji ukitulia, wanarudi kuuliza habari za miili yao wenyewe. Na hayo ya mwili, kila mmoja ametumwa. Hakuna anayeumwa Dodoma hii. Ni jirani, ni shemeji, ni mwenzangu mmoja kazini.

Kuna wasomi walikuwa wanapita pale wanatazama ukuta na kusonya. Eti wananchi wanapenda umbea, kuna kurasa za maana wanasoma za wacheza mieleka. Hao walikuwa wananikera kuliko mtandao wenyewe. Mtu haulizi asichokijua kabisa. Angekijulia wapi mpaka akiulize? Anauliza kile alichokisikia nusu, na nusu iliyobaki haimpi usingizi. Huyo anayeuliza kama mcheza mieleka kweli amekufa, muulize vizuri, utakuta kijana wake anaiga ile mitindo kitandani na mdogo wake ameshavunjwa bega.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Kuna mkulima wa zabibu kutoka Hombolo alikuja siku zangu za mwanzo, akasema anataka habari za zabibu. Nikamfungulia, nikamchapia ukurasa mzima wa Kiswahili, nikaupiga na stepla, nikajiona mtu. Alirudi baada ya siku kadhaa, akanivulia kofia kwa heshima.

"Dada, nimeisoma yote," akasema. "Inanieleza zabibu ni tunda. Hilo nalijua, ndilo ninalolima. Mimi majani yangu yameota unga mweupe."

Bi Rukia alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza akanifundisha jambo ambalo sijalisoma kwenye kitabu chochote cha shule. Mteja akikuambia swali, usiguse kibodi. Mtazame tu, panga karatasi, jifanye unatafuta kalamu. Mwache aseme tena. Mara ya kwanza mtu anasema lile ambalo haoni aibu kulisema. Mara ya pili analisema lenyewe.

Shikeni hilo. Mkiwa na duka, mkiwa mapokezi ya zahanati, mkiwa walimu, shikeni hilo na mengine yote mtayajua.

Sasa niwaeleze iliyonistaafisha.

Nilijifungua. Nikakaa nyumbani miezi mitatu. Katikati hapo dada yake Bi Rukia akafariki Kondoa, naye akaenda kuzika na kukaa na wafiwa. Bwana Shabani akabaki peke yake na duka, na yeye duka analijua kwa upande wa funguo. Asiwadanganye mtu, si mtu mbaya. Ukoo wake ni wa wafanyabiashara wa tangu enzi za misafara, anakuamkia kabla hujamuamkia, na nilipojifungua alileta kanga doti mbili na sukari. Lakini alijua Jumatatu ni siku ya kuchapa, basi akachapa, na hakusoma alichochapa.

Wiki hiyo mji ulikuwa unauliza dawa za macho. Mnaujua ugonjwa wa vikope, wengine mmeukuta nyumbani kwenu: macho mekundu, matongo, nzi hawaondoki usoni kwa mtoto, na mtu akiachwa hivyo miaka na miaka kope zinageukia ndani zinaanza kukwangua jicho mpaka linapofuka. Wagawa dawa walikuwa wanapita vijiji vya pembeni ya mji. Na mbele ya dawa, kama kawaida, ilitangulia habari kwamba dawa ile inafunga kizazi cha mtoto wa kike.

Nilirudi kazini Jumatano na Faraja wangu mgongoni. Sikuweza kuingia mlangoni. Watu wamejaa mpaka barazani, wamenyoosha shingo kwenye karatasi moja. Nikapenya, nikasoma. Ukurasa wa vikope, wa Kiswahili, mfupi, safi, dalili, namna unavyoambukizwa, kunawa uso. Na mwishoni kabisa, kwa herufi zilezile, karatasi ileile, sentensi moja: dawa hii hufunga kizazi kwa wasichana.

Niliketi nikafungua ukurasa kwenye mashine. Ile sentensi haikuwepo.

Kamusi ile ina mlango wa nyuma unaoitwa historia ya ukurasa, unaonyesha kila neno liliingia lini na lilitoka lini. Nikaufungua. Sentensi ilikuwa imeongezwa Jumatatu alfajiri na mtu asiye na jina. Ikafutwa Jumatatu hiyohiyo asubuhi na mtu mwingine, huko aliko, pengine kabla hajamaliza chai yake. Bwana Shabani alichapa katikati hapo. Kwenye kioo cha mashine uongo ule ulikaa kidogo ukafutwa. Ukutani kwetu ulikuwa na siku ya tatu, na ungekaa mpaka Jumamosi kwa sababu huo ndio utaratibu.

Nikamwendea, nikamwambia toa ile karatasi. Akaniangalia kama nimemwambia toa paa.

"Mama Faraja, tangu nifungue hapa sijaona watu namna hii. Unataka niwafukuze?"

"Ni uongo, Bwana Shabani. Imeshafutwa."

"Mimi sijaandika. Nimechapa."

Hilo neno bado linanichoma. Mjiangalie msije mkalisema.

Nikaenda mwenyewe nikaing'oa. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ninyi hamtalazimika kujifunza kwa njia hiyo: ukikitoa kitu watu wanakitazama, umekithibitisha. Mzee mmoja aliyeshika baiskeli akasema huyu wenye dawa wameshamfikia. Mwingine akasema kama ni uongo kwa nini wanaficha? Karatasi iliyokuwa inasomwa na waliojua kusoma tu, sasa ikawa inasimuliwa mpaka kwa wasiojua.

Nikageuka nikawaonyesha mgongo wangu. Nikasema dawa hii niliinywa mwaka juzi walipopita mtaani kwetu, mbele ya mume wangu, na huyu mnayemwona hapa, nimemnunua sokoni?

Mama mmoja muuza karanga akasema, taratibu kabisa, kama ananipa pole, "Huyo wa kwanza ilikuwa bado haijafika. Subiri wa pili."

Wakacheka. Mnafikiri nilicheka?

Nikawaita kwenye mashine nikawaonyesha historia ya ukurasa. Hapa ndipo walipoamka kweli. Kumbe mtu kaandika! Nani? Mbona hana jina? Ni wa hapa Dodoma? Mwanachuo? Si yule kijana mwenye miwani anayekuja alfajiri? Ndani ya muda mfupi dawa ilikuwa imesahaulika, macho yamesahaulika, watu wazima na akili zao wanagombana juu ya nani aliandika. Hajulikani mpaka leo, na najua kuna ndugu hawasalimiani kwa ajili hiyo. Nikajiambia, mama wee, hii ndiyo kazi niliyosomea kidato cha nne.

Wote walikwenda kwenye hilo isipokuwa mmoja. Mwanamke wa umri wangu, kanga mbili, vumbi la njia miguuni, alikuwa amesimama karibu na printa tangu nilipoingia. Aliposogea akasema ametumwa na jirani anataka kujua kama ni kweli inafunga kizazi. Nikapanga karatasi. Nikatafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi.

"Ni wangu," akasema. "Sechelela. Ana miaka minne. Asubuhi macho yamegandana namwosha kwa maji ya uvuguvugu ndiyo yanafunguka. Mama mkwe amekataa asinyweshwe. Na wanaogawa wanamaliza kwetu kesho."

Alikuwa anatoka Ihumwa. Habari ya karatasi yetu ilikuwa imeshafika huko kabla yake. Mtu alisoma ukutani kwetu akaipeleka, na mama mkwe alipoisikia akasema mnaona, hata mashine inasema. Ndiyo mkwewe akaja mjini kuitazama kwa macho yake. Baba wa mtoto yuko mbali kwa kazi. Neno la nyumba ni la mama mkwe. Nikamwonyesha yote kwenye kioo, taratibu, ilivyoingia na ilivyotoka. Alielewa haraka kuliko wale wengine wote. Nikataka kumchapia. Akakataa.

"Karatasi ndiyo iliyotufikisha hapa. Nikifika nayo nyingine ataniuliza nimeitoa wapi, nitasema kulekule. Twende wewe na mtoto wako."

Ilikuwa saa nne, duka limejaa, mimi ndiyo kwanza nimerudi kutoka uzazi. Nikamwambia Bwana Shabani natoka, nitarudi jioni. Alitazama watu, akanitazama. Akasema nikitoka nisirudi. Nadhani alitaka kunitisha tu, na kesho yake asubuhi alimtuma mtu kuniita nirudi. Lakini mimi nikishaambiwa hivyo siambiwi mara mbili.

Ihumwa tulikuta upepo na jua. Nyumba iko upande wa pili wa reli, ua wa miiba, mbuzi wawili. Bibi yake Sechelela, yule mama mkwe, alikuwa amekaa kivulini kwenye kigoda. Shingoni alikuwa na uzi, na kwenye uzi kikoleo kidogo cha chuma. Hicho ndicho anachong'olea kope zake zinapogeukia ndani. Macho yake yalikuwa yanatiririka muda wote, na alikuwa hayafuti tena. Nikampigia shikamoo, kisha nikatoa ile mbukwenyi yangu ya mjini, salamu pekee ya Kigogo ninayoijua. Akaipokea kwa kunihurumia. Yaliyobaki mkwewe alikuwa anatafsiri.

Nilikuwa nimejipanga njiani. Nitaanza na historia ya ukurasa, nitamalizia na Faraja. Sikupata nafasi. Bibi alinyoosha mikono akaomba mtoto, akampapasa kichwa, miguu, vidole, akaanza kuuliza. Nani kampa jina. Baba yake anatoka wapi. Mbona tumbo kubwa. Kwa nini nyuma ya kichwa hana nywele, namlaza upande mmoja? Anakunywa mpaka anashiba au mimi ndiye nachoka? Aliuliza kwa muda mrefu, bila haraka, na kila jibu alilipima. Nikajikuta na mimi nakaa chini. Nilikuwa nimeona wateja wa kila namna, sijapata kuona mtu anayeuliza vizuri hivyo.

Kisha akauliza kama na Faraja alinyweshwa hiyo dawa. Nikasema hapana, wachanga hawapewi ya kunywa, wanapakwa mafuta ya macho. Mimi ndiye niliyekunywa, kabla sijambeba. Akaitikia tu. Kizazi hakukitaja. Nikaona nisimtajie mimi. Nikaanza kumfunga Faraja kanga upya, nikaifungua, nikaifunga tena.

Bibi akasema maneno marefu, sauti imeshuka. Mkwewe alishangaa kwanza, ndipo akatafsiri.

"Anasema hajali maneno ya karatasi. Anasema wale watu wanakuja na fimbo. Wanamsimamisha mtoto wanampima urefu wake kwa fimbo. Anasema yeye amezika watoto wawili, na wote walipimwa kwa mti kabla ya shimo kuchimbwa. Mtu aliye hai hapimwi hivyo."

Mji mzima umekaa unauliza kizazi. Redio kizazi, ukuta wangu kizazi, mashine kizazi. Na mwenye neno la mwisho juu ya macho ya Sechelela alikuwa anaogopa fimbo, na hakuna aliyemngoja afike hapo.

Mgawa dawa tulimkuta nyumba ya jirani, mama wa palepale kijijini, fimbo yake ameiegemeza ukutani. Nikamwomba aje nayo. Ni fimbo ya kawaida, imepakwa rangi kwa vipande, na kila rangi ina kiasi chake cha dawa. Mizani kijijini hakuna, basi urefu wa mtu ndio unaoonyesha anywe kiasi gani. Akamweleza bibi kwa Kigogo. Bibi akageuza uso.

Nikavua viatu. Nikasimama kwenye fimbo, visigino chini, kichwa juu, Faraja mgongoni.

"Nipime mimi," nikasema. "Kama inaita shimo, ianze na mimi."

Mgawa dawa akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu, akasoma rangi. Mimi mfupi, wadogo zangu, hilo sijawaambia. Rangi niliyoangukia ilimfanya acheke, akaisema kwa sauti, na bibi akageuka kutazama. Akauliza jambo, mkwewe akajibu, bibi akatingisha kichwa. Baadaye niliambiwa aliuliza kama watu wa mjini wote huishia hapo.

Sechelela alikuwa amejificha nyuma ya mbuzi muda wote. Alipoona mtu mzima amepimwa na bado amesimama, akaja mwenyewe, akajibandika kwenye fimbo na kuvuta pumzi ili arefuke. Mama yake hakumgusa. Alikuwa anamtazama mama mkwe. Mgawa dawa naye akatulia na kikombe mkononi.

Bibi alimtazama mtoto kwa yale macho yake yanayotiririka. Kisha akasema neno moja kwa Kigogo, mgawa dawa akamnywesha. Sechelela akalamba mdomo, akaomba tena.

Nikadhani yameisha, nikaanza kutafuta viatu vyangu. Nikasikia kigoda kinaburuzwa. Bibi alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani, anaitazama ile fimbo kuanzia chini, rangi moja baada ya nyingine, mpaka juu. Nilidhani hajui Kiswahili hata kidogo.

"Hii," akasema, "mimi inanifika, au nimeizidi?"